Gumzo la Ukoo wa Kibokoni: Chakula cha Usiku ndani ya Basi la Vioo

Zuhura (Paris): Assalaam aleikum wazee na ndugu zangu, nawapa shikamoo wakubwa wote. Kwa kuwa Baba na Mama tunawatarajia huku mwezi wa Juni, na kumbukumbu ya ndoa yao itawakuta wakiwa safarini, mimi na mume wangu tumeonelea tuwaalike chakula cha usiku ndani ya basi la ghorofa mbili liitwalo Bustronome, ambalo paa lake la juu ni la kioo, nalo huzunguka mjini polepole huku abiria wakila. Sisi tulishawahi kulipanda na tukalifurahia. Hata hivyo, pesa yenyewe si haba, kwa hiyo nimeona nisikie kauli zenu kabla sijaweka nafasi.

Baba: Waaleikum salaam, mwanangu. Mimi nikiwa katika basi la Lamu hata chupa ya maji huiogopa kuifungua. Nieleze kwanza hiyo supu inakaaje sahanini.

Zuhura: Supu ya kuteleza hawaleti, Baba, na hapo ndipo unapouona ustadi wa jiko lile. Jiko liko ghorofa ya chini, walaji wote hukaa juu, na kila kinachopakuliwa kimepimwa kwa mwendo wa gari: mchuzi ni mzito kiasi cha kushika samaki badala ya kumkimbia, nyama imekwisha kukatwa vipande vya kuingia kinywani mara moja, na kitamutamu kimeundwa kikakaa imara. Glasi nazo hazisimamishwi mezani hivi hivi, bali huingizwa katika tundu la kishikio kilichosimama katikati ya meza, ukazishika shingo tu unapotaka kunywa. Tulipokuwa tunaingia mzunguko wa Arc de Triomphe, lile tao kubwa la ushindi, ambako barabara 12 hukutana na magari yanayoingia ndiyo yenye haki ya kupita mbele ya yaliyomo, mhudumu alisimama tuli kwenye ngazi na sahani zake mkononi, akasubiri dereva amalize kuzunguka, ndipo akaja kutuandalia. Hakuna aliyemwambia asubiri, kwa maana njia ile anaijua kama dereva anavyoijua.

Khalfan (Nairobi): Naandika kwa sentensi kamili, Ami Athman, ili nisitolewe kundini tena. Swali langu ni moja tu: chakula chenyewe kinashibisha?

Zuhura: Ni chakula cha Kifaransa, Khalfan, maana yake kinakuja kidogo kidogo, kwa zamu: kionjo, kitangulizi, samaki, nyama, jibini, kisha kitamutamu. Muda wote ni kama saa mbili na nusu na zaidi, na katika muda huo mtu hushiba pasipo kujua ameshiba saa ngapi.

Baba: Nimewahi kukiona chakula cha namna hiyo kwenye televisheni. Sahani pana kama ungo, na katikati yake kijiko kimoja cha kitu. Nitakula wali nyumbani kwanza.

Mama: Usimsikilize baba yako. Akifika huko atakula vyote, kisha atauliza kama kuna vya kufungasha. Mimi nataka kujua jambo la nyama na la mvinyo.

Zuhura: Hilo nililitarajia, Mama. Mvinyo ni wa hiari na huagizwa kwa bei yake, kwa hiyo meza yetu itakuwa na maji na sharubati. Nyama sitawaombea kabisa, ila nitaagiza menyu ya mboga kwa watu wote wanne wakati wa kuweka nafasi, na nitaandika wazi kwamba hatutaki mvinyo ndani ya mchuzi wala jelatini katika kitamutamu, kwa sababu wapishi wa huku hupikia mvinyo kama sisi tunavyopikia tui, tena bila nia mbaya. Jambo hilo linataka kusemwa siku kadhaa kabla, si wakati umeshakaa na kitambaa mapajani, kwani jiko la basi ni dogo na vitu vyake hupakiwa kwa hesabu ya walaji wa usiku ule. Basi zima lina viti 38 tu.

Nasra (Muscat): Shikamooni wazee. Da Zuhura, kwa nini usiwapeleke kwenye zile boti za mto Seine zinazoandaa chakula? Boti haina taa za barabarani wala mashimo, na Mama kwa magari tunamjua.

Mama: Kweli kabisa. Matatu ya Malindi inanitia kichefuchefu hata sijafika Mtwapa.

Zuhura: Nasra, boti nimeifikiria sana, na kwa upande wa utulivu inalishinda basi. Ila mto umechimbwa chini ya kingo za mawe, hivyo mtu aliyekaa botini huutazama mji kutoka chini, akaona zaidi madaraja na kuta, ilhali wewe uliyekaa ghorofa ya juu ya basi macho yako yako sawa na roshani za nyumba, na juu yako hakuna kitu isipokuwa kioo. Tena boti haitoki mtoni. Haiwezi kukufikisha penye jumba la Opéra Garnier, wala kukupandisha barabara ya Champs-Élysées ukaliona lile Arc de Triomphe likikua mbele yako hadi likajaa kioo kizima. Kuhusu kichefuchefu, viti vya kila meza vinatazamana, kwa hiyo nusu ya walaji huenda kinyumenyume. Mama atakaa akitazama mbele, na hilo si la kujadiliwa. Baba atakaa mkabala naye, awe anaona tulikotoka.

Baba: Nimezoea.

Ami Athman (Mombasa): Marahaba, watoto wangu. Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, na nashukuru kwamba leo hakuna aliyeandika nusu neno. Kwanza nataka kusema kwamba kula huku unasafirishwa si jambo geni kwetu. Jahazi la Tamarind limewalisha watu samaki na kamba usiku katika mkondo wa Tudor kwa miaka mingi, likitoka upande wa Nyali huku Mji wa Kale ukiwaka taa ng'ambo ya pili. Tofauti ni kwamba jahazi lina bahari yake peke yake, bali basi linaiomba njia kwa pikipiki na malori ya taka, na ndiyo maana namsifu dereva zaidi ya mpishi. Pili, niambie Zuhura, katikati ya Juni huko kwenu jua linatua saa ngapi?

Zuhura: Karibu saa nne za usiku, Ami.

Ami Athman: Na basi linaondoka saa ngapi?

Zuhura: Mwendo wa saa mbili.

Ami Athman: Basi mnakwenda kula chakula cha mchana.

Khalfan: Hapo Ami amepiga penyewe.

Ami Athman: Sisemi kwa mzaha. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunadhani saa mbili ni giza popote duniani, kwa sababu kwetu jua halichezi na saa. Huko kaskazini mwezi wa Juni mtapanda jua likiwaka, mtakula samaki jua likiwaka, mtakula jibini jua likiwaka, na wakati giza linaanza kuingia ndipo mhudumu anawaletea hesabu. Paa la kioo na jua la magharibi la kiangazi nalo ni adhabu nyingine. Zaidi ya hayo, Maghrib itawaingilia mkiwa kati ya jibini na kitamutamu, na hamna pa kushukia.

Zuhura: Ami, umelieleza vizuri kuliko wauza tiketi. Sisi tulikwenda katikati ya Novemba, ambapo jua hutua mara tu baada ya saa kumi na moja jioni, na tofauti niliiona kwa macho yangu. Tulisali Maghrib na Isha nyumbani kwa utulivu, tukavaa makoti, na kufika kituoni Avenue Kléber tukakuta giza tupu. Basi lilipong'oa nanga, taa za ndani zilipunguzwa hadi zikabaki vijitaa vidogo vya mezani, na hilo si urembo tu: taa ikiwa kali ndani, kioo hugeuka kikawa kama cha kujitazamia, ukajiona wewe na uma wako badala ya mji. Zilipofifia, mji wote uliingia mezani. Tulipita Trocadéro na mnara wa Eiffel uko ng'ambo ya mto, mita 330 za chuma kilichowashwa rangi ya dhahabu, na tulikuwa bado tunautazama saa ilipotimia. Baada ya giza kuingia, kila saa inapotimia huwashwa taa 20,000 za kumetameta kwa dakika tano. Mhudumu alikuwa amekwisha kuziweka sahani za samaki mbele yetu dakika chache kabla, wala hakurudi kuuliza kama tunahitaji kitu mpaka kumetameta kulipokwisha. Samaki wangu alipoa na sikujali hata kidogo.

Nasra: Sasa nimeanza kuitamani mwenyewe.

Zuhura: Kutoka hapo ni Invalides na kuba lake la dhahabu, ambamo Napoleon amezikwa, kisha jumba la Orsay ambalo zamani lilikuwa stesheni ya treni, halafu kanisa kuu la Notre-Dame, lililoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, likiwa sasa limesafika mawe yake mpaka linaonekana jipya usiku. Jumba la makumbusho la Louvre tulilipita haraka, na kwa kweli piramidi yake ya kioo huonekana kwa kuchungulia tu kupitia upenyo, kwa hiyo Baba asiiwekee matumaini makubwa. Ami, wewe ungependa Place de la Concorde, kwa sababu ile nguzo ya jiwe iliyosimama katikati yake ilitoka Luxor, Misri, ina umri wa zaidi ya miaka 3,000, na ilisimamishwa pale 1836. Sehemu hiyo barabara ni ya mawe madogo ya kupangwa, basi likaanza kutetema, vijiko vikalia vyote pamoja. Wazee wawili waliokaa nyuma yetu waliacha kula wakashika sahani kwa mikono miwili, wakicheka.

Ami Athman: Jiwe la Misri limesafiri na kufika salama, nasi tunaogopea vijiko.

Khalfan: Nami niongeze moja. Nilipokuwa nasoma Melbourne, kulikuwa na tramu za zamani zilizogeuzwa mikahawa, zikizunguka mjini jioni na walaji ndani. Zilianza 1983, na 2018 zikasimamishwa kwa hoja za usalama. Watu wa mji ule walihuzunika kana kwamba wamefungiwa bustani. Nilijuta kwamba kila mara nilisema nitakwenda nikipata kazi, na nilipopata kazi nilikuwa nimesharudi Nairobi. Kwa hiyo kura yangu ni kwamba waende.

Baba: Kura haina uzito kama mpiga kura halipi. Zuhura, bei.

Zuhura: Kwa mtu mmoja chakula cha usiku hakipungui yuro 100, Baba, yaani kwa shilingi za Kenya ni kama 15,000.

Baba: Subhanallah. Kwa 15,000 naandaa pilau ya mtaa mzima wa Kibokoni.

Mama: Na ulishawahi kuiandaa?

Nasra: Baba, gharama tutagawana sisi watoto. Mimi na Khalfan tutamtumia Da Zuhura nusu, na wewe usiulize tena bei mpaka urudi Mombasa.

Khalfan: Nimesikia jina langu likitajwa katika malipo. Sawa.

Ami Athman: Limebaki la tarehe. Mimi naona safari yote isogezwe mpaka Novemba, ikiwa tiketi hazijanunuliwa.

Mama: Hazijanunuliwa, na viza yenyewe bado tunangoja miadi. Ndoa haitakimbia kwa kungoja miezi mitano. Baridi tu ndiyo inayonitisha.

Zuhura: Ndani ya basi kuna joto la kutosha, Mama, ila koti litahitajika kituoni na wakati wa kurudi nyumbani. Jambo lenye uzito zaidi kwako ni ngazi. Ngazi ya kwenda juu ni nyembamba na ina kona, kama za basi lolote la ghorofa, na kwa magoti yako inafaa kupandwa gari likiwa limesimama. Tutafika mapema, tutakwenda msalani kabla ya kupanda, na ukishakaa hutainuka tena mpaka mwisho. Usivae viatu vya kisigino.

Mama: Nitavaa zile kubadhi zangu za ngozi.

Zuhura: Na soksi, Mama. Novemba.

Baba: Naomba ruhusa ya kubeba pilipili ya mbuzi mfukoni, kikopo kidogo tu. Mboga za Kifaransa bila pilipili sitaziweza kwa saa mbili na nusu.

Zuhura: Beba, Baba, ila uitie basi likiwa limesimama penye taa nyekundu, si tukiwa Concorde.

Ami Athman: Na tochi ya simu usiiwashe kutafuta kikopo, utawaharibia wenzako kioo.

Zuhura: Basi tumeelewana. Nitaomba nafasi nne, meza ya kutazamana iliyo karibu na mbele, menyu ya mboga kwa wote, usiku wa katikati ya juma katikati ya Novemba, kwani Ijumaa na Jumamosi hujaa mapema. Mama, nitumie tarehe ya miadi ya viza mara tu utakapoipata, ili nisilipie kabla yake.

Mama: Nitaituma humu humu kundini, baba yako asije akasema hakuambiwa.