Rekodi za vipindi vya klasiki vya usiku kucha hutoka wapi? Na redio ya Dar inaweza kuzipata?

MtayarishajiWaUsiku

Wakuu, habari za saa hizi. Kituo chetu hapa Dar ni cha FM, cha binafsi, kinaishi kwa matangazo ya biashara. Uongozi umeamua kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi tupige klasiki tupu, studio bila mtu, kompyuta ijiendeshe yenyewe. Nimekuwa nikisikiliza kipindi cha usiku kucha cha Through the Night cha BBC Radio 3 nione wenzetu wanafanyaje. Wanataja okestra ya redio ya Poland, kwaya ya redio ya Denmark, mpiga piano ambaye ukimtafuta hana hata albamu moja, na rekodi yenyewe haipo dukani wala kwenye programu za kusikilizia muziki. Wanazitoa wapi? Na je, kituo kama chetu kinaweza kuchota humohumo au tutafute kwingine? Bosi ananiambia nifungue akaunti ya Spotify nimalize kazi. Naomba majibu ya wanaoijua kazi hii.

KandaMbili

Mkuu, huzioni dukani kwa sababu hazijawahi kupelekwa dukani. Ni mali ya redio zenyewe. Redio nyingi za umma za Ulaya zina okestra na kwaya zao, na wanamuziki ni waajiriwa wa mshahara. Okestra ya redio ya Denmark ni ya 1925, BBC Symphony ya 1930, ya redio ya Poland ambayo leo iko Katowice ya 1935, ya redio ya Bavaria mjini Munich ya 1949. Tamasha likipigwa, maikrofoni za redio zipo ukumbini, na mkataba wa mwanamuziki umeshairuhusu redio kuirekodi na kuirusha ile kazi. Rundika hayo kwa miongo mingi, unapata hifadhi ambayo msikilizaji wa kawaida hajui kama ipo.

Halafu kuna Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, EBU, ulioanzishwa 1950, makao yake Geneva. Wanachama wanabadilishana rekodi hizo, na kila rekodi inakuja na masharti yake: irushwe mara ngapi na ndani ya muda gani. Humo ndimo BBC inamoandaa mfululizo wa saa sita kwa usiku mmoja, unaitwa Euroclassic Notturno, na redio za umma za nchi kadhaa zinaupokea na kuurusha kwao. Through the Night, iliyoanza 1996, ni ndugu wa damu wa mfululizo huo. Ujerumani wana wao, ARD-Nachtkonzert: BR-Klassik ya Munich inaandaa, na redio za mikoa mingine zinajiunga baada ya saa sita usiku. Mmoja anapika, wengine wanapakuliwa.

Sababu nyingine ni ya kihistoria, na wengi hawaijui. Uingereza kulikuwa na makubaliano na kampuni za santuri yaliyoweka kikomo cha saa ambazo redio iliruhusiwa kupiga santuri za dukani. Kikomo hicho kiliondolewa 1988. Kwa miaka yote hiyo, redio iliyotaka muziki mwingi ilibidi iupige yenyewe, na kanda za namna hiyo zikaongezeka hifadhini.

Swali lako la pili: hapana, kwa mlango huo hamwingii. Uanachama kamili wa EBU ni wa vituo vya eneo la utangazaji la Ulaya, ambalo mpaka wake wa kusini umewekwa kwenye latitudo ya nyuzi 30 kaskazini. Ndiyo maana utaona Misri na Algeria wamo. Sisi tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Vipo vituo washirika kutoka nje ya eneo hilo, lakini mengi ni mashirika makubwa kama NHK ya Japani. Na kudaka matangazo yao ya intaneti na kuyarusha kwenye FM yenu ni wizi tu, hata kama ni saa tisa usiku na hakuna anayesikia.

SautiYaPwani

Niongeze kidogo hapo. Marekani hawategemei hifadhi za redio. Mifululizo yao ya klasiki inayogawiwa kwa vituo, Classical 24 ya American Public Media kule Minnesota na Beethoven Satellite Network ya redio ya WFMT, Chicago, iliyoanza 1986, zinapiga zaidi sidii za kawaida za kampuni za muziki. Sheria yao inawasaidia: redio ya AM na FM inamlipa mtunzi na mchapishaji wake, wapigaji na kampuni ya rekodi hailazimiki kuwalipa. Usiichukue hesabu hiyo ukaileta Dar.

HakiNaMirabaha

Spotify kwanza. Masharti yake yanasema akaunti ni ya matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Kuirusha hewani ni kuvunja mkataba hata kama muziki wenyewe ni wa Bach aliyefariki 1750. Mwambie bosi hivyo kwa maandishi, ibaki kwenye faili.

Sasa tofautisha vitu viwili ambavyo watu wa redio huvichanganya kila siku. Kuna haki ya utunzi na kuna haki ya rekodi. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sibelius alifariki 1957, yuko huru zamani. Stravinsky alifariki 1971, naye ameshatoka. Britten alifariki 1976, kwa hiyo ulinzi wake unafika mwisho wa 2026. Lakini rekodi ya simfoni ya Beethoven iliyofanywa juzi ina mwenyewe, na miaka yake inahesabiwa tangu iliporekodiwa au kutolewa. Kifo cha Beethoven hakihusiki. Kila nchi ina hesabu yake. Umoja wa Ulaya uliongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 kwa agizo la 2011, na zilizotolewa kabla ya 1963 zilibaki huru. Marekani, rekodi zote zilizotolewa kabla ya 1923 zilitoka kwenye ulinzi tarehe 1 Januari 2022.

Kwa hiyo mna njia tatu. Mnunue sidii au faili halali na kulipia leseni ya kurusha kupitia mfumo unaosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kama mnavyofanya kwa bongo fleva, mkijaza orodha ya kila kilichopigwa. Au mtumie rekodi ambazo wenyewe wameziachia. Au mrekodi wenyewe. Vyema mchanganye zote tatu, kwa sababu ya pili peke yake haijazi saa sita za usiku kwa ubora unaovumilika.

Kuhusu hizo zilizoachiwa, soma leseni ya kila faili, usisome ya tovuti. Musopen, tovuti ya muziki huru, wana rekodi nyingi nzuri lakini leseni zinatofautiana. IMSLP, maktaba ya mtandaoni, inajulikana kwa nota, ila ina rekodi pia, na humo utakuta wanafunzi na hata kompyuta inayopiga okestra ya bandia. Sikiliza yote kabla hujaiweka. Nyingi hutumia leseni za Creative Commons: yenye herufi NC inakataza matumizi ya kibiashara, na nyie mna matangazo ya sabuni kila baada ya dakika ishirini, kwa hiyo hizo ziacheni. Salama kabisa ni CC0, ambayo mwenye rekodi ameachia haki zake zote. Mfano ni Goldberg Variations za Bach zilizopigwa na Kimiko Ishizaka, zikaachiwa 2012 bila sharti lolote. Bendi ya wanamaji wa Marekani nayo rekodi zake ni za serikali, hazina hakimiliki huko kwao. Shida ni kwamba nyingi ni gwaride, na saa nane usiku gwaride ni ugomvi na jirani.

FundiMnara

Wenzangu wamemaliza ya sheria, mimi nishike ya mitambo, maana hapa ndipo vipindi vya klasiki vinapofia kwenye vituo vyetu.

Kifaa cha kugundua ukimya ndicho adui wa kwanza. Vituo vingi vimekiweka kwamba sauti ikishuka chini ya -40 dB kwa sekunde kumi, mtambo unajua studio imekufa na unarusha muziki wa akiba. Piga mwisho wa Simfoni ya 9 ya Mahler uone: ala za nyuzi zinazimika taratibu, kifaa kinashtuka, ghafla singeli inalipuka katikati ya ukimya. Tengeneza mpangilio wa usiku peke yake: -60 dB kwa sekunde 40, ujiwashe saa sita kamili na kujizima saa kumi na mbili. Usikizime kabisa, maana kompyuta ikiganda kweli hakuna mtu studio wa kujua.

Pili, programu ya kupanga muziki. RadioDJ na nyingine za aina hiyo zinakata mwanzo na mwisho wa wimbo kwa kupima sauti, na zinaunganisha nyimbo mbili kwa kufifisha moja juu ya nyingine. Kwa bongo fleva ni sawa. Kwa klasiki zinakata noti za kwanza za kipande kinachoanza kwa sauti ndogo, na zinabandika mwisho wa sehemu moja juu ya mwanzo wa nyingine. Fungua folda ya klasiki peke yake, zima ukataji, weka sifuri kwenye uunganishaji, kisha acha sekunde tatu hadi nne za kimya mwishoni mwa kila kazi.

Tatu, kazi yenye sehemu nyingi iwe faili moja. Hizo Goldberg alizotaja mwenzangu zina vipande 32: wimbo mkuu, mabadiliko 30, na wimbo mkuu tena. Ukiziingiza kama faili 32 na kompyuta ichague kwa bahati nasibu, saa nane utapiga namba 17, saa kumi namba 4. Ziunganishe kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, kabla ya kuzipandisha. Kuna hadithi kwamba Bach alizitunga kwa ajili ya bwana mmoja asiyepata usingizi. Wanahistoria wanaitilia shaka, ila kwa tangazo la kipindi inafaa.

Nne, kompresa ya mnarani, yaani kibana sauti. Ile ya mchana inaivuta sauti ndogo juu mpaka unasikia mwanamuziki anavyopumua na feni ya ukumbini, kisha okestra ikilipuka inaiponda. Mlinzi anayesikiliza kwa simu getini, au dereva wa lori la bandarini, kweli hawezi kusikia sauti ndogo sana, kwa hiyo ubanaji kiasi unahitajika. Bana polepole, tofauti kati ya ndogo na kubwa ibaki kama 15 hadi 20 dB. Faili zote zisawazishwe kwanza kwa -23 LUFS, kiwango cha EBU cha ukubwa wa sauti, piano isizidiwe na okestra.

Sidii za zamani zipakue kwa programu ya Exact Audio Copy, inasoma mara mbili na kulinganisha. Baadhi ya sidii za miaka ya 80 zina alama ya kuongezewa sauti nyembamba. Usipoishusha tena sauti hiyo baada ya kupakua, violini zinakuwa kali kama msumari kwenye bati. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana bila kupoteza sauti. WAV ya sidii ni kama MB 635 kwa saa, FLAC karibu nusu yake. Usiweke MP3 ya 128: kama mawasiliano yenu ya studio na mnara nayo yanabana sauti, ubanaji juu ya ubanaji unafanya makofi ya watazamaji yasikike kama mvua ya kokoto.

MtayarishajiWaUsiku

Shukrani sana wakuu. Nimepiga hesabu: saa 6 kwa usiku 30 ni saa 180, kwa FLAC ni kama GB 57. Diski si tatizo, tatizo ni kuzipata hizo saa 180. Na hiyo njia ya kurekodi wenyewe, kwaya za makanisa hapa mjini zinapiga Haleluya ya Handel kila Pasaka. Handel alifariki 1759, si niko huru?

HakiNaMirabaha

Kwa Handel uko huru. Kwa maneno ya Kiswahili, angalia: aliyetafsiri ana haki yake, na kama yu hai au hajatimiza miaka 50 tangu afariki, unahitaji ruhusa. Wakiimba kwa Kiingereza cha asili hakuna tabu. Nota zichukueni za zamani kutoka CPDL, maktaba ya mtandaoni ya nota za kwaya, sio kitabu kilichohaririwa upya. Kisha kila mwimbaji, mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya asaini fomu inayotaja redio, idadi ya marudio na muda. Saini ya mwenyekiti wa kwaya peke yake haitoshi.

KandaMbili

Saa 180 usizitafute sasa. Anza na saa mbili, saa nane hadi saa kumi usiku, ukiwa na saa 40 zilizosikilizwa na kuandikwa vizuri. Marudio yatakuja baada ya kama siku 20. Waandikie pia Deutsche Welle, waliwahi kugawa kipindi cha matamasha kwa vituo vya nje; uliza kama bado wanagawa, na masharti yao kwa Afrika Mashariki. Na kwenye maelezo ya faili, sehemu ya msanii iandike mtunzi kwanza kisha wapigaji, jina la kazi na namba yake liende sehemu ya wimbo. Usipofanya hivyo siku ya kwanza, orodha ya COSOTA itasoma "Adagio, Adagio, Allegro, Adagio".

FundiMnara

Kwa kwaya: maikrofoni mbili za kondensa zinazofanana, sentimita 17 kati yake, zimefunguka nyuzi 110, juu ya stendi ya mita 3, nyuma kidogo ya kiongozi. Rekodini baada ya saa tatu usiku, bodaboda zikipungua. Feni zote zizimwe, na jenereta iwe mbali, mngurumo wake wa 50 Hz ukishaingia hautoki bila kula besi. Acheni kinasa sauti kiendelee sekunde kumi baada ya noti ya mwisho, na mtu asikohoe.