Mnaziharibu filamu za zamani: acheni kupaka rangi, kuvuta picha na kubandika muziki wenu

Wakuu, habari za usiku.

Uzi huu ni wa malalamiko na sitazunguka. Nimechoshwa na namna filamu za zamani za Hollywood zinavyochezewa, kuanzia zile za uhalifu za miaka ya 1940 zinazoitwa noir hadi za kutisha za miaka ya 1930. Wanaozichezea wako makundi mawili: kampuni zinazotuuzia vifurushi vya filamu mtandaoni, na wenye chaneli wanaopakia filamu nzima halafu wanajisifu kwenye kichwa cha habari kwamba "wameiboresha". Hawajaboresha chochote. Wamechukua kazi ya watu waliokesha wakipanga taa moja baada ya nyingine, wakaivuruga.

Wiki hii nililipia Double Indemnity ya 1944, kazi ya Billy Wilder, kwenye huduma moja ambayo sitaitaja. Picha imejaa kioo chote, ukingo hadi ukingo. Filamu ile haikupigwa kwa umbo hilo! Tangu 1932 studio za Hollywood zilikubaliana kipimo kimoja, upana 1.37 kwa kimo 1, umbo linalokaribia mraba. TV zetu za leo ni 16 kwa 9. Kwa hiyo filamu ikionyeshwa kama ilivyo, lazima zibaki sehemu mbili nyeusi, kushoto na kulia. Zile sehemu nyeusi si ubovu na wala hujapunjwa kitu. Sasa hawa wamevuta picha ili zisionekane. Kuna pale Barbara Stanwyck anashuka ngazi, kamera inafuata miguu yake na kile kikuku cha mguuni ambacho ndicho kinachompumbaza yule wakala wa bima. Kwenye nakala niliyouziwa, miguu imenenepa na uso ukifika kwenye kamera umetandazwa kama chapati. Mwanamke anayetakiwa kumfanya mwanaume akili ihame, amegeuzwa kichekesho.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakanijibu nibadilishe mipangilio ya TV yangu. Nikawaeleza kwamba filamu nyingine zote kwenye huduma hiyo hiyo zinaonekana sawa, faili lao ndilo lililovutwa. Kimya mpaka leo. Hela wamekula.

Wengine hawavuti, wanakata juu na chini. Piga hesabu mwenyewe: ukichukua picha ya 1.37 ukaijaza kwenye 1.78 (ndiyo hiyo 16 kwa 9) bila kuivuta, karibu robo ya kimo chake inatupwa. Robo! Na kwa filamu kama Citizen Kane ya 1941 unajua kinachotupwa ni nini? Dari. Gregg Toland, mpiga picha wake, alikuwa anaweka kamera chini kabisa ili dari zionekane zikiwakandamiza wahusika, jambo ambalo wengi wakati ule walilikwepa kwa sababu taa na maikrofoni zilikaa huko juu. Wakatengeneza dari za kitambaa chepesi, maikrofoni zikafichwa nyuma yake. Kazi yote hiyo, halafu mtu anakuja na mkasi wa kompyuta anakata dari.

Tuje kwenye rangi, na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Kuna wimbi la kuzipaka rangi filamu hizi kwa akili mnemba. Tafuta Dracula au Frankenstein, zote za 1931, uone zitakazokuja za kwanza. Mpakaji anadhani filamu ilikosa rangi kwa umaskini wa teknolojia, na yeye amekuja kuziba pengo. Hajui kwamba rangi zilizokuwepo mbele ya kamera zilichaguliwa kwa ajili ya filamu isiyoonyesha rangi. Kwenye Frankenstein, mpambaji Jack Pierce alimpaka Boris Karloff, aliyecheza lile zimwi, vipodozi vya kijani kijivu, kwa sababu kwenye ile filamu rangi hiyo ilitoka imepauka kama ngozi ya maiti. Sasa programu inakisia, inampa shavu la waridi la mtu aliyetoka kuoga. Yule ni mtu aliyeungwa kwa vipande vya maiti, jamani.

Na mfano unaoniuma kuliko yote ni Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1931, ya mwongozaji Rouben Mamoulian. Ile sehemu daktari Jekyll anapoanza kugeuka kuwa Hyde, yule muovu, uso unabadilika mbele ya macho yako, kamera haijakata. Ilifanyikaje? Mwigizaji Fredric March alipakwa usoni vipodozi vya rangi maalumu. Mpiga picha Karl Struss akaweka kichujio cha rangi hiyo hiyo mbele ya lenzi, vipodozi vikawa havionekani. Kisha akabadilisha kichujio taratibu, na mistari na vivuli vikaanza kujitokeza usoni kana kwamba vinatoka ndani ya ngozi. Ujanja wote ule unasimama juu ya kitu kimoja: kwamba filamu haina rangi. March alipata Oscar kwa kazi hiyo. Ukiipaka rangi filamu ile, umeingilia ule ule ufundi unaoifanya itazamwe mpaka leo. Na ikumbukwe filamu hii ilishateswa vya kutosha: studio ya Paramount waliikata, kisha studio ya MGM walipotaka kutoa toleo lao la 1941 wakanunua haki zake na kuiondoa machoni pa watu. Imechukua miaka mingi kurudishwa karibu na ilivyokuwa.

Vita hivi si vipya. Mwaka 1986 tajiri wa televisheni Ted Turner alinunua maktaba ya filamu za MGM, na nyingi zikaanza kupakwa rangi kwa ajili ya televisheni. Mwongozaji John Huston alikuwa hai bado, mzee na mgonjwa, akaona The Maltese Falcon yake ya 1941 imepakwa rangi, akalaani hadharani. Alipofariki mwaka uliofuata, warithi wake walifungua kesi Ufaransa dhidi ya kuonyesha The Asphalt Jungle ya 1950 ikiwa na rangi, na mwaka 1991 mahakama ya juu ya huko ikawapa haki: heshima ya aliyeitengeneza kazi inalindwa, hata kama haki za biashara ziko kwa mwingine. Marekani nako kelele zile zilichangia kupatikana kwa sheria ya 1988 iliyoanzisha orodha ya kitaifa ya filamu za kuhifadhiwa, filamu 25 kila mwaka, chini ya Maktaba ya Bunge. Wakati ule angalau kulikuwa na mtu wa kumshtaki. Leo anayeharibu ni mtu mwenye kompyuta chumbani, hujui yuko nchi gani.

Halafu kuna "usafishaji". Kwenye nyumba ya yule mwanamke wa Double Indemnity, mpiga picha John Seitz alipuliza unga laini wa alumini hewani kabla ya kamera kuanza, ili mwanga unaopenya kwenye pazia za vipande uonekane umebeba vumbi, na wewe uhisi nyumba ile imekaa vibaya. Kuna nakala nimeiona imepitishwa kwenye programu ya kuondoa chembechembe. Vumbi halipo. Programu imeona uchafu, imefuta. Nyuso nazo zimekuwa laini kama za midoli ya plastiki, mikunjo ya mwigizaji Edward G. Robinson yote imepotea. Na giza wanaliongezea mwanga! Mtu anapandisha mwanga kwenye filamu ya noir ili "uone vizuri" kilichoko kwenye kona ambayo mpiga picha alitaka usikione.

Najua kuna watakaokuja kusema vijana wa siku hizi hawaangalii kitu kisicho na rangi. Sikubali. Wanaangalia wakipewa nakala nzuri. Mdogo wangu, kijana wa simu masaa yote, nilikaa naye tukaangalia Cat People ya 1942. Taa tumezima. Kuna sehemu mwanamke anatembea usiku peke yake kando ya ukuta, na nyuma yake anafuatwa na mwanamke mwingine. Hakuna muziki. Unasikia viatu tu, vyake na vya anayemfuata. Halafu viatu vya nyuma vinakoma. Anageuka, hakuna mtu. Anaongeza mwendo, na ghafla kitu kinafoka kwa sauti ya mnyama, kumbe ni basi limesimama mbele yake. Kijana aliruka kwenye kochi. Filamu ina miaka zaidi ya 80, na mnyama hakuonekana.

Sasa sikilizeni. Kuna chaneli imepakia filamu hiyo hiyo, na kwenye ile sehemu ya viatu wamebandika muziki wa kinanda. Sijui ni kukwepa mambo ya hakimiliki au ni kutojua tu. Mtayarishaji Val Lewton alipewa bajeti ndogo na studio ya RKO, hana hela ya majini na madude, akaamua kutisha watu kwa ukimya na kivuli. Ukimya ndio ulikuwa mtaji wake. Ukiuziba kwa kinanda umemuibia.

Mkitaka kuweka muziki, fanyeni kama walivyofanya kwa Dracula. Filamu ile karibu haina muziki baada ya utangulizi, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mtunzi Philip Glass aliitungia. Lakini iliandikwa wazi kuwa ni muziki wa Glass, anayetaka anausikiliza, asiyetaka anachagua sauti ya asili.

Nisisahau zile TV mpya. Filamu za sauti zilipigwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha moja moja 24. TV inatoka kiwandani ikiwa imewashwa kitu kinachobuni fremu za katikati, kila filamu inaonekana kama tamthilia ya kila siku. Mwaka 2018 hata Tom Cruise alitoa video akiomba watu wakizime. Na wenye chaneli wanafanya hivyo hivyo kwa makusudi, wanatangaza "fremu 60" kama sifa.

Kwa nini napiga kelele kiasi hiki? Kwa sababu zilizobaki ni chache. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2013: kati ya filamu ndefu bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili. London After Midnight ya 1927, aliyocheza Lon Chaney, nakala ya mwisho iliyojulikana iliungua kwenye ghala la MGM mwaka 1965. Hakuna atakayeiona tena labda muujiza utokee. Detour ya 1945 kwa miaka mingi tuliiangalia kwenye nakala za hovyo, zimechubuka, maneno yamerukwa, kwa sababu hakimiliki ilikwisha na kila mtu akawa anairudufu. Mwaka 2018 ikakarabatiwa vizuri kwa kutumia nakala iliyokuwa imehifadhiwa Ubelgiji. Watu walifanya kazi ile kwa miaka. Halafu bado zinapakiwa zile mbovu, sasa zikiwa na rangi juu yake.

Ombi langu kwa wanaopakia: andikeni kwenye kichwa cha habari mlichokifanya, kama ni rangi, kama ni muziki, kama mmekata. Msiiite "ya asili". Kwa hizi kampuni za vifurushi: rudisheni umbo la picha, na anayelalamika ajibiwe na mtu aliyeifungua filamu akaiona.

Na nyie wadau, tusaidiane. Ule mpangilio wa TV wa kubuni fremu kila kampuni imeupa jina lake na kuuficha pake. Mwenye kujua wa TV yake aandike hapa chini aina ya TV, jina la mpangilio na njia ya kuufikia. Anayejua nakala safi ya Jekyll ya 1931 au Cat People inapatikana wapi kwa halali, atupie pia. Nitakuwa naziongeza hapa juu ya uzi kadiri zinavyokuja.