Utulivu wa Uingereza umeletwa na wafalme au na Bunge? Tujadili

MLETA MADA
Wakuu habari za jioni. Kuna hoja inarudi kila ukitajwa ufalme wa Uingereza, kwamba wale wametulia kwa sababu wana mfalme, mtu mmoja juu asiyegombea kura, na kwamba nchi zinazogombana kila baada ya uchaguzi zingejifunza hapo. Mi hiyo siikubali hata kidogo na ntatumia historia yao wenyewe, wenye mawazo tofauti karibuni.

Watu wengi tumesomeshwa ile historia kama orodha ya majina, William, Henry, Elizabeth, Victoria, kana kwamba mmoja anamaliza anamwachia mwenzie kwa amani. Haikuwa hivyo. William wa Normandy alivuka bahari 1066 akachukua nchi kwa upanga pale Hastings, mfalme Harold akafia vitani. Edward wa Pili aliondolewa 1327, Richard wa Pili akaondolewa 1399, halafu kuanzia 1455 ukoo wa Lancaster na ukoo wa York wakachinjana kwa miaka kama thelathini, Henry wa Sita akavuliwa ufalme mara mbili, Edward wa Tano mtoto wa miaka 12 akafungiwa Tower of London 1483 na hakuonekana tena, na mjomba aliyechukua nafasi yake, Richard wa Tatu, akauawa Bosworth 1485 (mifupa yake imekuja kupatikana 2012 chini ya maegesho ya magari pale Leicester). Sasa hapo niambieni ni utulivu upi ulioletwa na kurithishana kwa damu? Damu ndo ilikuwa chanzo cha vita vyenyewe.

Kilichoibadilisha ile nchi ni pesa. Mfalme alitaka kupigana vita na hela hana, kwa hiyo lazima awakamue watu kodi, na kila alipokamua wakadai kitu. John alikamua sana ili airudishe Normandy aliyoipoteza 1204, makabaila wakamkaba mpaka akaipiga muhuri Magna Carta, hati ya kumwekea mfalme mipaka, pale Runnymede Juni 1215, na miezi mitatu haijaisha Papa akaifuta kwa ombi la John mwenyewe, vita ikaanza upya. Yaani hata ile hati tunayoisifia, mfalme aliikana siku zile zile!

Charles wa Kwanza ndo alikuja kuvuka mpaka. Alitawala miaka 11 bila Bunge, 1629 mpaka 1640, akawa anatoza kodi ya meli hata kwenye majimbo ambayo bahari wanaisikia tu. Angeendelea hivyo sijui mpaka lini ila akawalazimisha Waskoti watumie kitabu chake cha sala, wakamgomea kwa silaha, hela za kupigana nao hana, ikabidi aite Bunge, na Bunge likaja na hasira za miaka 11. Vita 1642, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa hadharani pale Whitehall. Mwanae mdogo James wa Pili naye alikimbia nchi 1688, na mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Haki, kwamba mfalme hawezi kusimamisha sheria, kutoza kodi wala kuweka jeshi wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Tangu hapo Bunge limekutana kila mwaka, na kwa vile madeni ya serikali yalikuwa yanasimamiwa na Bunge na siyo mkono wa mtu mmoja, wenye hela wakakubali kukopesha, 1694 ikaanzishwa Benki ya Uingereza. Huo ndo utulivu wenyewe ulipotoka.

Na mjue hata nani arithi Bunge ndo liliamua, kwa sheria ya 1701. George wa Kwanza aliletwa kutoka Hanover 1714 akiwaruka zaidi ya watu 50 waliokuwa karibu zaidi kwa damu, kisa wao ni Wakatoliki. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba wafalme wamebaki kwa sababu walinyang'anywa madaraka kimoja baada ya kingine, na sifa wanayopewa leo ni ya wale waliowanyang'anya. Waingereza wapige kura waamue kama bado wanamtaka mfalme. Karibuni.

MCHANGIAJI (Mombasa)
Ndugu yangu umeeleza vizuri lakini mbona pale kati umeparuka? Baada ya kumkata mfalme kichwa walipata nini? Walipata Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge. Mtu aliyeua watu Drogheda na Wexford kule Ireland, aliyeingiza askari bungeni 1653 akawafukuza wabunge, akaigawa nchi kwa majenerali. Kodi yake ilikuwa nzito kushinda ya mfalme. Na 1660 ni Waingereza hao hao walimwita mtoto wa yule waliyemchinja arudi atawale. Jamhuri waliionja wakaitema, hiyo kura unayoitaka wewe wao walishapiga kwa miguu.

MLETA MADA
Sijaparuka mkuu, nilijua lazima utaileta. Cromwell alikataa taji 1657 walipompa ila alipokufa 1658 nani alichukua nafasi? Mwanae Richard. Hakuwahi kuongoza jeshi, hakuchaguliwa na mtu, mwaka haukuisha akang'olewa. Kwa hiyo kilichoanguka pale ni urithi wa baba kwa mwana pamoja na utawala wa askari, watu hawakuwahi kupewa nafasi ya kumchagua kiongozi wao. Na huyo Charles wa Pili hakurudi kama baba yake alivyokuwa, mahakama za kifalme zilizofutwa 1641 hazikurudi. Ya Drogheda mi siyatetei hata kidogo, ni mauaji.

MCHANGIAJI (Birmingham)
Mi naishi huku miaka mingi na nawaambia mambo hayako hivyo kwa watu wa kawaida. Malkia Elizabeth kakaa miaka 70, mawaziri wakuu 15 wamepita mbele yake kuanzia Churchill mpaka Truss, hao wote wanagombana yeye yupo. Alipofariki Septemba 2022 watu walipanga foleni usiku kucha pembeni ya mto Thames na wengi hawana chama wala nini. Ukimtoa mfalme unaweka rais, rais ni mwanasiasa, nusu ya nchi itamchukia siku ya kwanza. Halafu watalii wanaleta hela na rais naye analipwa, usisahau.

MLETA MADA
Heshima ya watu kwa yule mama naielewa na siibezi. Ila heshima ya mtu mmoja usiifanye hoja ya kumpa kiti kila atakayezaliwa baada yake, Edward wa Nane alizaliwa humo humo na 1936 hakumaliza hata mwaka.

Kuhusu kwamba yupo juu ya ugomvi, nenda 2019. Boris Johnson alimshauri Malkia asimamishe Bunge kwa wiki tano katikati ya mvutano wa Brexit (Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya), Malkia akakubali sababu kwa utaratibu wao hawezi kukataa. Aliyeiokoa ile hali ni Mahakama ya Juu, majaji 11 wote kwa kauli moja tarehe 24 Septemba walisema ushauri ule ulikuwa kinyume cha sheria na Bunge halijasimama. Sasa mlinzi wa katiba asiyeweza kusema hapana siku anayohitajika, analinda nini?

Watalii wanajaa Versailles, kasri la wafalme wa zamani, na Ufaransa haina mfalme. Na hela, ruzuku ya mfalme ilikuwa pauni milioni 86.3, mwaka wa fedha 2025 hadi 2026 ikapanda mpaka milioni 132.1, sehemu kubwa ya ongezeko ni ukarabati wa kasri la Buckingham. Wanasema inatokana na mashamba na majengo ya Taji, lakini mapato yale George wa Tatu aliyaachia serikali tangu 1760, ni mali ya umma.

MCHANGIAJI (Dodoma)
Wakuu mnasahau kwamba hata sisi tulikuwa naye. Tanganyika imepata uhuru 9 Desemba 1961 ila Malkia alibaki mkuu wa nchi mpaka 9 Desemba 1962 tulipokuwa jamhuri na Nyerere akawa rais. Kenya nao 1963 mpaka 1964. Tulimuondoa bila risasi hata moja na Jumuiya ya Madola hatukutoka. Barbados wamefanya hivyo hivyo Novemba 2021.

MLETA MADA
Asante sana, hii ndo ilitakiwa. Mwaka mmoja tu na maisha yakaendelea.

MCHANGIAJI (Mombasa)
Haya Barbados sawa, lakini huko kwao wenyewe si rahisi hivyo. Waziri mkuu wa Uingereza anapeleka jeshi vitani, anasaini mikataba na mataifa, anateua wakubwa, yote kwa jina la mfalme, na katiba yao haijaandikwa kwenye kitabu kimoja. Mkimtoa mfalme kesho yale madaraka yote yanabaki kwa waziri mkuu peke yake bila hata mtu wa kumpigia magoti kila wiki. Mtakuwa mmemtoa Charles wa Tatu wa sasa mkamweka Cromwell mwingine.

MLETA MADA
Hapo umeshika penyewe ndugu yangu. Ila angalia, hayo madaraka anayo sasa hivi, mfalme akiwepo, na jina la mfalme ndo linafanya yasiulizwe. Utaratibu wangu ungekuwa hivi, kwanza Bunge liandike kwenye sheria nani anapeleka jeshi na nani anasaini mkataba na kwa ridhaa ya nani, kama walivyofanya 1689 kwenye kodi, halafu ndo watu wapige kura kuhusu mtu. Na ule utaratibu wa muswada unaogusa maslahi ya mfalme kuombewa idhini yake kabla haujapitishwa, huo ufutwe hata leo, hauhitaji kusubiri kura. Nani anaupinga na kwa sababu gani?