Naombeni ushauri: mikoba ya matanga ya jahazi, ukungu hautoki

Wadau salaam, niko Lamu, mimi na kina mama sita tunashona mikoba kwa matanga makuukuu ya majahazi, kile kitambaa kizito cha pamba, tunanunua kwa manahodha wakishabadilisha tanga na faida tunalipia karo ya watoto. Sasa kuna tanga moja lina viraka vizuri sana, vimeshonwa kwa mkono, na alama za kutu pale lilipofungwa kwenye foromali (ule mti unaobeba tanga), hizo hatutaki zitoke kabisa maana ndio uzuri wenyewe, shida ni chumvi na ukungu. Tumeloweka maji baridi siku mbili, tukaanika juani, lakini mvua ikinyesha tu mkoba unakuwa na unyevu na ile harufu inarudi. Mnatumia siki, ndimu au nini? Jiki naiogopa itaozesha nyuzi.

Pili, cherehani yetu ni ya miguu, tukifika kwenye pindo sindano namba 16 inavunjika, nijaribu 18? Na malipo jamani, nilipe kila mama kwa mkoba aliomaliza au tugawane mwisho wa mwezi? Mmoja mikono inamuuma, anashona polepole, sitaki aumie kwa hesabu.