Reli ya mkoloni iliiruka Nyanda za Juu Kusini: tulinyimwa au tuliepushwa?

Mwanzisha mada, Njombe

Kamwene ndugu zangu. Kuna kauli imezoeleka vijiweni kwetu, kuanzia Mafinga mpaka Vwawa, kwamba mkoloni pamoja na ubaya wake wote angalau alituachia reli. Naomba tuijadili kauli hiyo tukiwa na ramani mkononi, maana sisi wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe hakutuachia hata taruma moja.

Mjerumani alianzia Tanga mwaka 1893. Reli ikapanda polepole, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1912, ikipita kwenye mashamba ya mkonge na ya walowezi. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa jirani zetu Kenya, Mwingereza alikwisha kutoka Mombasa 1896 na kugusa ziwa pale Kisumu 1901. Kila mstari unaanzia bandarini na kuishia ziwani au kwenye shamba la mzungu. Kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe hawakuona haja. Reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuja kushikana mwaka 1963, baada ya uhuru. Kabla ya hapo, mtu wa Korogwe mwenye safari ya Morogoro alikuwa hana treni ya kumfikisha.

Mwingereza alipoichukua Tanganyika aliongeza Tabora–Mwanza 1928 na Moshi–Arusha 1929, baadaye tawi la Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi. Kusini-mashariki alijenga reli ya Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947. Mradi ulikufa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe ikang'olewa. Sisi tulichopata ni mabasi na malori ya Relwe, yakitoka Dodoma kupitia Iringa hadi Mbeya, na mengine Itigi hadi Mbeya kupitia Chunya. Shirika la reli lilitufikia kwa matairi.

Sasa, wengi husema tulisahaulika. Mimi nasema tulikuwa tumepangiwa kazi nyingine. Babu yangu mzaa baba, Mbena, treni ya kwanza kuiona maishani aliiona akiwa manamba, kibarua wa mkataba wa mashambani. Walisombwa kwa lori hadi reli ilipo, wakapakiwa kwenda kwenye mkonge Tanga. Mkoa wetu ulikuwa ghala la nguvu kazi, na mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao kabisa cha kuandikisha watu, SILABU, ambacho wazee wa Njombe, Makete na Songea wanalikumbuka jina lake mpaka leo.

Naleta hili sasa kwa sababu Tazara, reli ya Tanzania na Zambia iliyokuja kupita kwetu baada ya uhuru, imeingia mkataba mpya na tunaambiwa reli inafufuliwa. Kabla hatujashangilia, tujue reli huwa inajengwa kwa ajili ya mzigo wa nani. Karibuni tujadili.

Mchangiaji, Iringa mjini

Kaka, takwimu zako sina ugomvi nazo, ila hitimisho lako nalipinga. Nafundisha historia sekondari na hili huwa nawaeleza wanafunzi wangu: tushukuru reli haikufika.

Mwaka 1925 Lord Delamere, kinara wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano wa walowezi wa Afrika Mashariki na Kati. Hawakukutana Nairobi. Walikutana Tukuyu, hapo hapo Rungwe. Ndoto yao ilikuwa ukanda mmoja wa makazi ya wazungu kutoka Kenya kushuka mpaka Rhodesia, na nyanda zetu zenye baridi ndizo zingekuwa kiungo. Delamere mwenyewe alijishughulisha na kupatia walowezi ardhi Iringa. Na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 kulikuwa na pendekezo la reli kutoka Dodoma kupitia Iringa na Mbeya hadi Fife, mpakani na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya sasa), likishindana na lile la kutoka Kilosa kupitia Ifakara hadi Manda, Ziwa Nyasa. Mhandisi Clement Gillman alipewa kazi ya kuzipima. Kisha mdororo wa uchumi wa dunia ukaja, fedha ikakosekana, na yote yakabaki kwenye makaratasi.

Sasa jiulize ile ya Fife ingejengwa. Tazama Nakuru na Naivasha zilivyokuwa. Reli ya Uganda ilipopita pale, serikali ilihitaji mzigo wa kuilipia, ikaleta walowezi, wenyeji wakasukumwa kwenye maeneo waliyotengewa. Kwetu wapo waliofika, Sao Hill na Mufindi mashamba yao yanajulikana, lakini walibaki wachache kwa sababu mahindi na chai yao vilisafiri kwa lori kwenye tope mpaka Dodoma. Umbali ndio uliotulindia ardhi. Leo Mhehe na Mbena wanalima kwao.

Mwanzisha mada, Njombe

Dada, hoja yako ina uzito, na mkutano wa Tukuyu ni jambo ambalo kila kijana wa Rungwe angepaswa kulijua. Lakini umehesabu ardhi, ukaacha watu.

Kodi ililipwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa njia mbili tu: uuze zao au ujiuze nguvu zako. Kilimanjaro reli ilifika, walowezi wakaja, na ardhi nyingi ya Wachagga ikapotea, hilo ni kweli na liliwaumiza. Lakini Mchagga mwenye kahawa yake alikuwa na Moshi mjini chini ya mlima wake na behewa la kupakia. Mwaka 1933 walikuwa na KNCU yao, chama cha ushirika cha kahawa. Kodi alilipa kwa kahawa, akabaki nyumbani kwake, akasomesha. Bukoba hawakuwa na reli ila walikuwa na meli ya kuwavusha mpaka kwenye reli ya Kisumu, na kahawa yao ikatoka.

Mbena wa Lupembe au Mkinga wa Bulongwa angeuza nini, na angekifikishaje sokoni? Hakuwa na zao linaloweza kubeba gharama ya lori hadi Dodoma. Kwa hiyo akauza mgongo. Wanyakyusa walishukia machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, wengine wakavuka kwenda migodi ya shaba na mpaka Afrika Kusini. Vijiji vilibaki na wanawake na wazee msimu wote wa kulima. Ardhi ilikuwepo, wa kuilima alikuwa Tanga anakata mkonge. Huko ndiko kulindwa?

Mchangiaji, Mbeya

Wakuu, mnabishana kama vile kuna mtu alikaa akaamua kututesa. Mimi naiona kama hesabu ya mfanyabiashara. Kupandisha reli kutoka bonde la Kilombero mpaka Makambako ni kazi ya kutisha, na huku juu hapakuwa na tani za kuilipia. Dhahabu ya Chunya ilikuwa nyingi kwa thamani, lakini dhahabu haijazi behewa.

Na si mkoloni peke yake aliyesema hailipi. Mwaka 1964, tukiwa huru, Benki ya Dunia iliikataa reli ya Zambia, ikasema barabara inatosha. Ilibadilika kwa sababu ya siasa: Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya sasa), alijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, shaba ya Zambia ya Rais Kaunda ikakosa njia salama ya kusini. Nyerere na Kaunda wakaenda China, mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Kama si ule uasi wa Smith, Mbeya mpaka leo ingekuwa bila reli. Kwa hiyo tusiseme tulinyimwa. Mzigo haukuwepo.

Mchangiaji, Mlimba

Wanangu, niruhusuni mzee. Nimefanya kazi ya njia, kwenye gangi, kipande cha Mlimba kwenda Makambako. Huyo wa Mbeya kasema kazi ya kutisha, na hajakosea. Reli nzima ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, lakini jasho kubwa lilimwagika kwenye kipande hiki. Mahandaki mengi ya njia yote yako hapa. Daraja la Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye kimo cha mita 50 hivi. Ukiwa juu yake unakagua njia, unasikia upepo unapita chini ya miguu yako, na mto unauona kama uzi.

Kazi yetu kubwa ilikuwa maji. Masika yakianza, udongo wa ule mlima unalegea, unateleza na mawe yake. Tulikuwa tunazibua mifereji usiku kwa taa za mkononi, maana mfereji ukiziba maji yanapita chini ya kokoto, tuta linakunywa, na asubuhi unakuta reli imelala upande. Watu husifia daraja na handaki. Mimi naamini reli inaishi kwa mfereji. Pale ufukuaji wa mifereji ulipopungua ndipo treni zilipoanza kuamriwa kwenda taratibu, na treni inayotambaa mwenye mzigo anaikimbia.

Hiyo hoja ya kwamba mlima haupitiki ilijibiwa. Ujenzi ulianza Oktoba 1970 na Julai 1976 tukakabidhiwa. Zaidi ya Wachina 60 walikufa kwenye kazi ile, na wenzetu Watanzania na Wazambia pia wapo waliopotea. Iliwezekana kwa sababu walioitaka waliitaka kweli.

Na mzigo, mwanangu, haukai ukisubiri reli. Mchele wa bonde hili ulikuwa wa kula na kugawia ndugu. Stesheni ilipofunguliwa, akina mama walianza kupakia magunia kwenda Dar na Mbeya. Makambako nayo mnaiona ilivyo sasa.

Mwanzisha mada, Njombe

Shikamoo mzee. Umemjibu kaka wa Mbeya kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Nimuongezee moja tu. Anasema mzigo haukuwepo. Kigoma kulikuwa na mzigo gani mwaka 1914 wa kulipia kilomita zaidi ya 1,200? Mjerumani alikuwa anaitazama Kongo ng'ambo ya ziwa, na nguvu kazi ya Tabora na Rwanda-Urundi. Nachingwea kulikuwa na mzigo gani? Karanga za kwenye ripoti. Walipotaka walijenga kabla ya mzigo. Kwetu ndiko walikosubiri mzigo uje kwanza.

Mchangiaji, Tunduma

Ndugu zangu mmezama sana kwenye historia. Mimi niko mpakani, foleni ya malori naiona kila nikifungua duka. Tazara ilijengwa ibebe tani milioni mbili kwa mwaka. Haikuwahi kufika hapo. Miaka yake mizuri ilipita kidogo tani milioni moja, na mwaka 2014/15 ilishuka chini ya tani laki moja. Mzigo wote ule umehamia barabarani: Kitonga, Mlima Nyoka, Iwambi. Mnajua tunavyozika watu wa ajali.

Lakini msisahau, lori linalisha watu. Mama lishe wa Ilula, fundi matairi wa Igawa, mwenye gesti wa Makambako, wote wanaishi kwa dereva. Treni inapita saa nane usiku haishushi mtu wa kununua chai. Nani kawauliza hawa?

Halafu shaba yenyewe imepata mlango mwingine. Wamarekani na Wazungu wa Ulaya wanaisukuma njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola. Tukiifufua reli kwa kutegemea shaba peke yake, na shaba ikaelekea Atlantiki, tutabaki na nini?

Mwanzisha mada, Njombe

Kaka wa Tunduma, hapo ndipo nilipotaka tufike tangu mwanzo.

Septemba 2024, Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia hati ya makubaliano ya kuifufua Tazara. Mwaka uliofuata ukaja mkataba na kampuni ya Kichina ya CCECC, miaka 30, uwekezaji wa karibu dola bilioni 1.4. Ninachokisikia kwenye hotuba ni shaba, shaba, shaba. Sijasikia viazi. Mkulima wa Uwemba anajaza lumbesa, gunia lililopita kipimo, dalali anampangia bei shambani kwa sababu lori ni la dalali. Parachichi za Njombe zinahitaji kontena la ubaridi, na kontena hilo linahitaji umeme stesheni likisubiri treni. Mbao za Mufindi na Makete zinapanda semi-trela wakati reli ipo Makambako. Mahindi ya Mbozi, mchele wa Mbarali kupitia Chimala na Igurusi, vyote viko hatua chache kutoka kwenye njia.

Behewa la mkulima mdogo lisipoandikwa kwenye ratiba sasa, treni ndefu za shaba zitapita Makambako bila kusimama, na wajukuu zetu watajadili mada hii hii kwa jina lingine. Mtu wa Iringa mjini naye hana stesheni mpaka leo, na reli mpya ya kisasa imekwenda Dodoma, ile ile njia ya 1905. Halafu kuna suala la vipimo: Tazara ina upana wa milimita 1,067, Reli ya Kati ya zamani 1,000, na ya kisasa 1,435. Mzigo wa kutoka Mbeya kwenda Tabora unashushwa na kupakiwa upya Kidatu. Hiyo ni gharama anayoilipa mkulima.

Kwa hiyo kabla ya vikao vya halmashauri vya bajeti, naomba tuwabane madiwani na wabunge wetu kwa mambo haya: njia ya pembeni ya kupakilia na ghala Makambako, Chimala na Mbeya, umeme wa makontena ya ubaridi, behewa za mazao zenye siku maalumu na bei iliyobandikwa ukutani, na kazi za kutunza njia kwa vijana wa vijiji vilivyopo kandokando, wafundishwe na wazee kama huyu wa Mlimba wangali hai.

Dada wa Iringa, bado sijakubali kwamba tuliepushwa, na najua nawe hujakubali. Wenye uzoefu wa kupakia mazao stesheni ya Makambako au Mbeya miaka ya karibuni, leteni bei mliyolipa kwa gunia na siku mzigo uliochukua kufika Dar, tuweke pamoja na bei ya lori. Nitazikusanya nizipeleke kwa diwani wangu.