Hulk na Milima ya Tani Bilioni 150

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi Rukia. Jumamosi usiku.*

Mamdogo Saumu 20:04
Shikamooni wakubwa. Yusufu na Imu hapa kwangu hawasemezani tangu alasiri. Yusufu kamchora Hulk, lile jitu la kijani la katuni, kwenye manila, chini kaandika NGUVU ZISIZO NA KIKOMO. Imu anasema uongo, afute. Wali umepoa. Kaka Idi, mwenye vitabu ni wewe, waamue tafadhali.

Mjomba Idi 20:06
Kila mmoja aseme lake kwanza.

Imu (simu ya mama) 20:07
Shikamoo mjomba. Kwenye kitabu cha maelezo cha Marvel, wachapishaji wa katuni zake, wamemweka daraja la 100 la nguvu. Yaani tani 100 basi. Si ndio kikomo hicho?

Mjomba Idi 20:09
Marahaba mwanangu. Hapo umesoma nusu. Daraja la 100 ni la wote wanaoinua zaidi ya tani 100. Ni kapu la mwisho, ukishapita hapo unatiwa humo. Halisemi mtu anaishia wapi.

Yusufu 20:09
SI NILIKWAMBIA

Yusufu 20:10
Shikamoo mjomba. Hulk kadiri anavyokasirika ndivyo nguvu zinavyopanda. Hasira haina mwisho, kwa hiyo nguvu nazo hazina mwisho. Mwaka 1984 alishikilia milima ya tani bilioni 150!!!

Baba Imu 20:11
Samahani kuwakatiza, nani ana namba ya fundi wa tangi la maji?

Mamdogo Saumu 20:11
Nakutumia pembeni shemeji.

Mjomba Idi 20:16
Marahaba Yusufu. Milima hiyo ndiyo inayokuangusha. Ni katuni ya Secret Wars, toleo la 4, ninalo kabatini. Adui mmoja, Molecule Man, kawaangushia mashujaa safu nzima ya milima, Hulk akaizuia isiwaponde. Sasa kumbuka shujaa mwenzake, Reed Richards, alifanya nini. Alianza kumtukana Hulk makusudi! Wakati ule Hulk alikuwa na akili timamu za Banner, yule mwanasayansi anayegeuka kuwa Hulk, hasira haikuwa ya kutosha, na Reed akaona mzigo utamshinda. Nguvu zingekuwa hazina kikomo, matusi ya nini? Kwake tani bilioni 150 zingekuwa sawa na unyoya, angezirusha huko akaenda zake. Lakini yeye alizishikilia tu, anatetemeka, huku wenzake wanahangaika kutafuta njia ya kutokea.

Yusufu 20:18
Lakini alipotukanwa ziliongezeka

Mjomba Idi 20:18
Ndiyo. Kitu kinachoongezeka, kabla ya hapo kilikuwa pungufu.

Dada Zaina 20:21
Yusufu, hebu hesabu 1, 2, 3 uendelee. Hutafika mwisho, daima unaweza kuongeza moja. Lakini kila namba utakayoitaja ina ukubwa wake, hata ukihesabu mpaka uzeeke. Nguvu za Hulk naziona hivyo. Hakuna dari iliyotajwa, ila saa yoyote ukimpima utapata kiasi fulani.

Imu (simu ya mama) 20:22
Kwa hiyo nimeshinda mimi?

Mjomba Idi 20:23
Hapana, maana wewe uliweka dari tani 100, na hiyo haipo.

Mjomba Idi 20:27
Hata hiyo sheria ya hasira haikuwapo tangu mwanzo. Watunzi wake Stan Lee na Jack Kirby walipomtoa Hulk mwaka 1962, Banner alikuwa anageuka jua likizama, si akikasirika. Hasira ilikuja baadaye. Na Superman ni vivyo hivyo: mwaka 1938 alikuwa haruki angani, anachupa tu, kama mita 200. Miaka ikapita akawa anasukuma sayari, mpaka mwaka 1986 mwandishi wake John Byrne akampunguza nguvu, kwa sababu shujaa asiyeshindwa na chochote hana hadithi. Ndiyo maana ule ukurasa wa milima naupenda kuliko zote. Unamwona Hulk anaelemewa. Nilikuwa na umri wako Yusufu nilipoisoma mara ya kwanza, na niliogopa kweli kwamba atawaachia.

Yusufu 20:31
Basi niandike nini

Imu (simu ya mama) 20:32
NGUVU KIASI

Yusufu 20:32
Hapana bwana!!

Dada Zaina 20:34
Andika AKIKASIRIKA ZINAONGEZEKA. Hilo hakuna wa kukupinga.

Mjomba Idi 20:34
Sahihi kabisa.

Imu (simu ya mama) 20:35
Hiyo sawa. Nitamsaidia kuandika herufi

Mamdogo Saumu 20:41
Ahsanteni, wamekula. Ila rangi ya kijani imeisha na mguu mmoja bado mweupe, na maduka yameshafungwa.

Mjomba Idi 20:43
Wana kijivu? Toleo la kwanza Hulk alikuwa wa kijivu. Mtambo wa uchapaji ukawa unatoa kijivu tofauti kila ukurasa, ndipo toleo la 2 wakamfanya kijani.

Yusufu 20:44
Kijivu ipo mjomba