Kujitoa Facebook, Instagram na WhatsApp kwa msimamo: nianzie wapi?

Kitasa: Wakuu, naachana na mitandao ya Meta. Hoja si muda unaopotea; sikubali nyendo za watu zigeuzwe mtaji wa matangazo. Nifute zote kwa mpigo au kuna utaratibu? Magrupu ya kazi na ya familia yote yako WhatsApp.

Bundi: Usifute kitu kwanza, mkuu. Ingia mipangilio ya Facebook, tafuta orodha ya programu na tovuti unazoingia kwa akaunti hiyo, kila moja iwekee barua pepe na nywila yake. Hapo ndipo wengi wanakwama: akaunti ikishafutwa, na huko kwingine huingii tena. Kama ni admini pekee wa ukurasa, mkabidhi mwingine. Kisha omba nakala ya taarifa zako, faili za HTML za kusoma tu au za JSON za kuhamishia kwingine. Ipakue mapema, kiungo kina muda wake, na uifungue uone kama picha zimo.

Mzee_wa_Seva: Kuzima na kufuta ni vitu viwili. Ukizima, taarifa zinabaki kwao, na ukiitumia kuingia hata kwenye tovuti nyingine, akaunti inafufuka. Ukifuta una siku 30 za kughairi, na usafishaji wa seva unaweza kufika siku 90. Jumbe ulizowatumia watu zinabaki kwao, hizo sahau. Instagram inafutwa kivyake.

Kitasa: WhatsApp je? Si jumbe zimefumbwa, asome aliyetumiwa tu?

Bundi: Yaliyomo ndiyo yamefumbwa. Nani anawasiliana na nani, na lini, hayo ni habari nyingine. Iweke mwisho. Weka Signal, programu nyingine ya kutumiana jumbe isiyo ya Meta, vuta unaoongea nao kila siku, mmoja mmoja. Tangazo la kwenye grupu halimhamishi mtu. Kujisajili kunataka namba ya simu, ila tangu 2024 unaweza kumpa mtu jina la mtumiaji badala ya namba. Halafu kuondoa WhatsApp kwenye simu si kufuta akaunti. Watu wataendelea kukuandikia, wanaona tiki moja, wanadhani umewakaushia! Futa kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti.

Tunda_Chungu: Grupu la kazi lisikupe presha, ila mwombe mtu mmoja, kwa jina, akutumie matangazo kwa barua pepe kabla hujatoka. "Mtanijulisha" haifanyi kazi. Na bila akaunti bado utafuatiliwa, tovuti nyingi zimebeba pikseli ya Meta, kijikodi kinachowapelekea habari za unachofanya humo. Kivinjari cha Firefox chenye kiongezi cha kuzuia matangazo, uBlock Origin, kinaizuia kwa sehemu kubwa.